Amri za Kompyuta Zisizokatizika Zikishaanza

Mtu anayefanya kazi na kompyuta kila siku huzoea kuamini kwamba lolote alilolianzisha anaweza kulisimamisha: akibonyeza Ctrl+C, au akifunga dirisha, au akiichagua programu katika orodha na kuiamuru ife, basi itakufa. Mara nyingi imani hiyo haimwangushi. Zipo hata hivyo amri ambazo zikishaingia katika hatua fulani hazisikii agizo lolote, wala la mtumiaji wa kawaida wala la msimamizi mkuu wa mfumo, na mtu hubaki akibonyeza vitufe huku skrini imetulia vilevile. Hapa Tanga tunasema kompyuta imeganda, na tiba inayotolewa haraka ni kuchomoa waya wa umeme. Tiba hiyo imeharibu faili nyingi ambazo zingepona kama fundi angejiuliza kwanza amri iliyoganda inasubiri nini, na katika kusubiri huko imeshikilia nini.

Ili kuelewa jambo hili ni lazima kuanza na kile kinachotokea mtu anapodhani kwamba anasimamisha programu. Katika familia ya mifumo iliyotokana na Unix, ambayo Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuiandika katika maabara ya Bell Labs mwaka 1969, na ambayo Linux ya Linus Torvalds iliifuata mwaka 1991, kitufe cha Ctrl+C hakigusi programu moja kwa moja. Kinaifanya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, iitumie programu hiyo ishara namba 2. Programu ikiipokea inaweza kufunga kazi zake kwa utaratibu, au ikaipuuza kama mwandishi wake aliiandika hivyo. Amri ya kill isipopewa namba hutuma ishara 15, nayo pia programu inaweza kuikataa. Ishara namba 9 ni ya aina nyingine, kwa kuwa hakuna programu inayoruhusiwa kuidaka wala kuipuuza, na ndiyo maana mafundi wengi huiona kuwa neno la mwisho: kill -9, na mambo yameisha.

Hata ishara namba 9, hata hivyo, hutekelezwa kwa wakati wake. Programu inapotaka kusoma au kuandika kwenye diski haifanyi kazi hiyo yenyewe. Inaiomba kerneli, na kuanzia hapo utekelezaji unahamia upande wa kerneli mpaka ombi limalizike. Ishara zilizotumwa katika kipindi hicho huandikwa na kuwekwa, kisha huangaliwa pale utekelezaji unaporudi upande wa programu, au pale kerneli inapokuwa katika kusubiri kwa aina inayokubali kuamshwa. Abiria aliyekwisha kupanda kivuko cha Pangani kwenda Bweni anaweza kupigiwa simu na kuambiwa arudi, naye akakubali kabisa, lakini hatashuka katikati ya mto; agizo limemfika, utekelezaji wake ndio unaongoja gati.

Kusubiri ndani ya kerneli kuko kwa namna mbili, na tofauti yake ndiyo moyo wa suala hili. Ukiiendesha amri ya ps katika Linux utaona safu yenye herufi moja inayoeleza hali ya kila mchakato, yaani kila programu iliyo kazini. Herufi S ni ya mchakato uliolala usingizi unaokatizika, kwa mfano programu inayosubiri mtu aandike kitu kwenye kibodi, ambayo hakuna ajuaye ataandika lini na kwa hiyo ni lazima iweze kuamshwa. Herufi D ni ya usingizi usiokatizika. Mchakato ulio katika D hauamshwi na ishara yoyote. Unaamshwa na jambo lenyewe unalolisubiri, ambalo karibu kila mara ni jibu la kifaa: diski imemaliza kusoma, kadi ya kumbukumbu imemaliza kuandika, mtandao umeleta kipande kilichoombwa. Katika siku za kawaida hali ya D hudumu kwa milisekunde chache tu, na mtumiaji haioni kamwe. Huonekana pale kifaa kinapokuwa kizito au kibovu.

Wengi wanaokutana na herufi hiyo kwa mara ya kwanza huuliza kwa nini walioandika kerneli wameruhusu kitu kama hicho kiwepo. Sababu zao ni nzito. Diski inapoombwa ilete data, hupewa anwani ya mahali katika kumbukumbu ya kompyuta pa kuiweka, kisha huendelea na kazi yake bila prosesa kuisimamia. Kama mchakato ungeuawa wakati huohuo na nafasi yake ya kumbukumbu ikapewa programu nyingine, diski isingejua. Ingeendelea kuweka data mahali palepale, ambapo sasa pana barua ya mtu mwingine au hesabu za duka. Sababu ya pili inahusu kufuli. Kerneli inapobadilisha orodha ya faili katika folda huifunga kwanza ili mchakato mwingine usiibadilishe kwa wakati uleule. Mchakato ukiondolewa duniani huku umeshikilia kufuli hilo, kila mwingine atakayeihitaji folda hiyo atangoja milele. Na kufuli likivunjwa kwa nguvu, orodha itabaki nusu ya zamani na nusu mpya. Kila sehemu ya kerneli inayoruhusu kukatizwa katikati inahitaji njia yake ya kurudisha kila kitu kilivyokuwa, na kila njia ya namna hiyo ni mahali papya pa kufanya makosa. Ninawaelewa waliochagua kutoruhusu.

Mfano mmoja nilioushuhudia kwa karibu ni wa duka dogo la kazi za kompyuta Ngamiani, katika mojawapo ya zile barabara za namba, ambako kijana anayehariri video za harusi hutumia Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kwa sababu amechoshwa na virusi vinavyoletwa na flashi za wateja. Mama mmoja alikuja kuchukua video ya binti yake, naye alikuwa akiwahi basi la Muheza. Kijana alinakili faili, kiashiria kikafika mwisho kwa haraka ya kushangaza, kisha alipoiambia kompyuta iitoe flashi kwa usalama, hakuna kilichotokea. Alifungua dirisha la amri akaandika mwenyewe umount, amri ya kukitenganisha kifaa na mfumo, mshale ukasimama. Alibonyeza Ctrl+C, na skrini ikaandika alama ya kofia na herufi C, basi. “Mwanangu, basi litaniacha,” mama akasema. Mwenzake kijana, aliyekaa meza ya pili, akampa shauri ambalo kila mtu hulitoa: “Kaka, ipige kill tisa.” Akaipiga, naye mchakato ukabaki palepale na herufi yake ya D.

Flashi ilikuwa nzima kabisa. Linux haikimbilii kuandika data kwenye kifaa papo hapo. Huipokea kwanza katika kumbukumbu, huiambia programu kwamba kazi imekwisha, kisha huiandika polepole baadaye. Kwa mpangilio wa kawaida inaweza kuruhusu data isiyoandikwa bado ifike hadi kama asilimia 20 ya kumbukumbu iliyo wazi. Kompyuta ikiwa na gigabaiti 8 za kumbukumbu, hiyo inaweza kukaribia gigabaiti moja na nusu, na flashi ya bei nafuu inayoandika megabaiti 5 kwa sekunde itahitaji kama dakika 5 kuimaliza. Umount ilikuwa inasubiri dakika hizo. Kuiua kusingefupisha chochote, na kuichomoa flashi kungempa mama yule video iliyokatika katikati, au flashi isiyofunguka kabisa afikapo kwake. Kijana alimwomba radhi, akamwambia, “Mama, vumilia kidogo, bado inaandika,” na taa ya flashi ilipoacha kumeta, umount ilimalizika yenyewe, na ile ishara ya kill iliyokuwa ikingoja zamu yake haikuwa na kazi tena. Windows, kuanzia toleo la 1809 la Windows 10 lililotoka mwaka 2018, huziweka flashi katika mpangilio wa kuondolewa haraka, ambao hauzikusanyi data kwa wingi namna hiyo. Kunakili huonekana kuchukua muda zaidi, ila kiashiria kinapofika mwisho kinakuwa karibu na ukweli.

Hali huwa tofauti kifaa kinapokuwa kibovu kweli. Diski ya nje yenye waya uliolegea au sehemu iliyokufa hupokea ombi na isijibu. Linux huipa kila amri iliyotumwa kwenye diski muda wa kawaida wa sekunde 30, kisha hujaribu kuizindua na kurudia tena mara kadhaa, kwa hiyo sehemu moja tu iliyokufa inaweza kuushikilia mchakato kwa dakika nzima au zaidi, na faili lenye sehemu nyingi mbovu linaweza kuushikilia mchana kutwa. Katika mifumo mingi kerneli yenyewe huandika onyo pale mchakato unapozidisha sekunde 120 katika hali ya D, na onyo hilo husomeka kwa amri ya dmesg, pamoja na malalamiko ya diski yenyewe. Fundi mwenye busara huanza na dmesg. Akikuta humo kifaa kinachopotea na kurudi, abadilishe waya au tundu. Akikuta makosa ya kusoma, ajue kwamba diski inaelekea kufa na kila jaribio jipya linaisogeza karibu na mwisho wake. Kifaa kilichoacha kujibu kabisa kikichomolewa, kerneli kwa kawaida huyarudisha maombi yote yakiwa na jibu la kosa, mchakato huamka, ishara namba 9 iliyokuwa ikisubiri huonekana, na mchakato hufa saa ileile.

Kuna mambo mawili ya pembeni yanayowachanganya watu. La kwanza ni ule wastani wa mzigo unaoonyeshwa na amri ya uptime, yaani wastani wa idadi ya michakato inayotumia prosesa au kuingojea: tangu mwaka 1993 Linux huihesabu pia michakato iliyo katika hali ya D, hivyo sava inaweza kuonyesha mzigo wa 40 huku prosesa yake imepumzika kabisa, na anayenunua prosesa mpya kwa kuiona namba hiyo atakuwa ametupa fedha. La pili ni herufi Z. Mchakato wa Z nao hauuliki, lakini kwa sababu umekwisha kufa tayari na kilichobaki ni jina lake katika orodha, likingoja mchakato mzazi, yaani ule ulioianzisha kazi hiyo, usome majibu yake.

Ubishi mkubwa zaidi kuhusu usingizi usiokatizika uliletwa na mtandao. Sun Microsystems ilitoa mwaka 1984 mfumo wa NFS, unaoiwezesha kompyuta kutumia folda iliyoko kwenye sava nyingine kana kwamba iko kwenye diski yake yenyewe. Msimamizi anapoiunganisha folda hiyo kwa namna iitwayo ngumu, kompyuta itarudia kuomba bila kikomo mpaka sava ijibu, jambo linalozilinda data, kwa sababu programu haiambiwi kamwe kwamba imeandika wakati haikuandika. Lakini sava ikizimwa, au waya wa mtandao ukikatwa na mafundi wa bomba barabarani, kila mchakato uliogusa folda hiyo huganda katika D, na hata amri ya ls ya kuorodhesha faili au ya df ya kuonyesha nafasi ya diski huganda nao. Kuiunganisha kwa namna laini kunauondoa mgando, na mahali pake kunaleta hatari mbaya zaidi ya faili kuharibika kimyakimya. Kwa miaka mingi wasimamizi walikuwa wakichagua kati ya maumivu haya mawili.

Nafuu ilikuja mwaka 2008 katika Linux 2.6.25, kwa kazi ya Matthew Wilcox, aliyeongeza namna ya tatu ya kusubiri: mchakato hausikii ishara nyingine, ila ishara inayoua huisikia. Hoja yake ni nzuri kwa wepesi wake. Hatari kubwa ya kuuamsha mchakato katikati ya kusoma faili ni kwamba programu iliyozoea kupata data yote huenda ikapokea nusu na kuendelea kufanya kazi kwa makosa. Lakini programu inayokufa haitaendelea na lolote, kwa hiyo hakuna atakayeiona nusu hiyo. Sehemu nyingi za NFS na za usomaji wa faili zimehamishiwa katika namna hii, na ndiyo maana siku hizi kill -9 inafaulu mahali ambapo zamani ilishindwa. Haijaenea kote. Panapohusika kufuli la ndani au uandishi ulioanza, D ya kale bado ipo. Upande wa Windows, tatizo ni lilelile: mchakato wenye ombi lililokwama kwa kiendesha kifaa, yaani programu ndogo inayoongea na kifaa, hautoki hata Task Manager ikiuamuru. Windows Vista iliwapa waandishi wa programu njia bora zaidi za kughairi maombi ya namna hiyo, lakini kiendesha kifaa nacho lazima kiwe kimeandikwa kwa namna inayokubali kughairiwa.

Mpaka hapa tumezungumzia kerneli inayokataa kukatizwa. Lipo kundi jingine ambalo kerneli iko tayari kabisa, ila kazi yenyewe imekabidhiwa kwa kifaa na kifaa ndicho kisichorudi nyuma. Waliokuwa wakichoma CD za mawaidha, qaswida na taarab wanalikumbuka kundi hili vizuri. Mwanga wa leza ukishaanza kuchoma CD ya kuandikwa mara moja, lazima data ije mfululizo. Kasi ya msingi ni kilobaiti 150 kwa sekunde, kwa hiyo kichomeo cha mara 4 hula kilobaiti 600 kila sekunde, na bafa yake, yaani akiba ndogo ya data ndani ya kichomeo, ya megabaiti 2 inamlinda mtu kwa sekunde tatu na kidogo tu. Kompyuta ikichelewa zaidi ya hapo kwa sababu mtu kafungua programu nyingine, bafa hukauka, na CD inakuwa ya kutupwa. Ndiyo maana vijana walikuwa wakikatazana hata kugusa kipanya. Sanyo ilitoa mwaka 2000 teknolojia ya BURN-Proof, inayokiwezesha kichomeo kusimama bafa inapokauka na kuendelea pale kilipoishia, na hofu hiyo ikapungua. Kufuta CD ya kuandikwa upya kulikuwa vilevile: kichomeo kilipokea amri moja, kikafunga trei, na kompyuta haikuwa na la kufanya mpaka kimalize.

Kubadilisha programu ya ndani ya ubao mama au ya ruta ni kwa namna hii pia, na hapa pana hatari kubwa kuliko zote kwa mtumiaji wa nyumbani, kwa kuwa kinachoandikwa upya ni kile kinachokiwasha kifaa chenyewe. Katika mji ambao umeme unaweza kukatika bila taarifa, kazi hii ifanywe kompyuta ikiwa kwenye UPS, kile kifaa cha betri kinachoshika umeme ukikatika, au laptopu ikiwa na betri iliyojaa na chaja imechomekwa, na si siku ya mvua kubwa.

Hazinadata, yaani programu inayotunza rekodi nyingi kwa mpangilio, ni mahali pengine ambapo neno kusimamisha lina maana isiyotarajiwa. Jim Gray aliandika mwaka 1981 juu ya dhana ya muamala, yaani mabadiliko kadhaa yanayohesabiwa kuwa tendo moja, na Theo Härder na Andreas Reuter wakazipa sifa zake kifupisho cha ACID mwaka 1983. Sifa ya kwanza ni kwamba muamala hutendeka wote au hautendeki kabisa. Tuchukulie ofisi ya ushirika ambayo karani wake ameamuru riba ibadilishwe katika rekodi milioni moja, na baada ya nusu saa akagundua kwamba ameweka kiwango kisicho sahihi. Anaikatiza amri. Kama hazinadata ni MySQL yenye InnoDB, itakubali kuikatiza, kisha itaanza kurudisha rekodi moja baada ya nyingine kwa kufuata kumbukumbu ya mabadiliko, na urudishaji huo mara nyingi ni mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyokuwa. Hauwezi kusimamishwa, kwa sababu kuusimamisha kungewaacha wanachama wengine na riba mpya na wengine na ya zamani. PostgreSQL imechagua njia nyingine: huiacha nakala ya zamani ya kila rekodi mahali pake mpaka baadaye, hivyo kughairi ni kwa haraka sana, na gharama yake hulipwa wakati wa kusafisha mabaki.

Pasiwe na mchanganyiko kati ya kukatizika na kurudishika. Amri ya rm ya kufuta folda nzima hukatizwa kwa Ctrl+C bila shida, ila faili zilizokwisha kufutwa zimekwenda. Muamala wa hazinadata ni kinyume chake: kuutoka ni kazi, lakini kabla haujathibitishwa kila kitu kinarudi. Ukishathibitishwa, hakuna kughairi tena. Kilichobaki ni kufanya muamala mwingine wa kusahihisha, kama anavyofahamu mtu yeyote aliyewahi kutuma pesa kwa simu kwenda namba isiyo sahihi na kuthibitisha kwa namba yake ya siri.

Kwa kuwa wengi huishia kwenye waya wa umeme, inafaa kueleza kinachotokea wakichomoa. Mchakato uliokuwa katika D utatoweka, ndiyo, pamoja na kila data iliyokuwa kwenye kumbukumbu bila kuandikwa. Hazinadata ya InnoDB iliyokuwa katikati ya kurudisha rekodi zile milioni moja haitasahau: ikiwashwa upya itasoma kumbukumbu yake ya mabadiliko, itautambua muamala ambao haukukamilika, na itaendelea kuurudisha kutoka pale ulipofikia, huku karani akiwa ameongeza muda wa kuwasha sava juu ya muda aliotaka kuukwepa. Diski za NVMe, zile za kisasa zisizo na sahani inayozunguka, nazo zina amri ya kusafisha data zote, iliyoingizwa katika toleo la 1.3 la kiwango chake mwaka 2017, ambayo kiwango kinaeleza wazi kwamba ikishaanza haiwezi kughairiwa: fundi akizima kompyuta baada ya kugundua kwamba amechagua diski isiyo yenyewe, kisha akaiwasha kesho yake asubuhi, diski itaendelea kujisafisha mpaka imalize.